Daraja la Dhahabu

Huzaifa alikufa asubuhi mbele ya Inspekta Lamunu, katika zahanati ndogo ya Bwaise ambayo sakafu yake bado ilikuwa na tope la mafuriko. Mbavu zake zilikuwa zimevunjwa zikaingia ndani, na kila alipovuta pumzi kitu kilikwaruza kifuani. Kabla hajakata roho alimgusa Lamunu mkononi kwa kiganja, maana vidole vyote vilikuwa vimevunjika, akasema jambo moja na kulirudia.

"Husnah amepanda daraja. Mtoeni. Husnah amepanda daraja."

Kisha damu ikamjaa kinywani, na hakusema tena.

"Namjua huyu," alisema Sajenti Rajab, Mnubi aliyezaliwa na kukulia Kibuli. "Ni Huzaifa, wa steji ya boda kule kwetu. Husnah ni dada yake, fundi wa cherehani. Afande, daraja hapa iko moja tu, ile ya mfereji mkubwa. Na huyu wamemwokota hapo hapo pembeni."

"Sasa unangoja nini? Beba watu wote, beba na gari. Huyo msichana namtaka akiwa hai."

Rajab akatoka mbio na askari sita. Lamunu alibaki na maiti, na muuguzi, na Konstebo Odur wa doria, kijana wa Lira aliyekuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Odur alikuwa ameshamaliza kesi yote kichwani mwake.

"Afande, huyu ni mwizi wa pikipiki. Watu walipiga kelele za mwizi, mubbi, mubbi, wakamshughulikia. Mambo ya kawaida."

"Mubbi walisema nani?"

"Watu."

"Watu wangapi walikuwa wanapiga ulipofika?"

Odur alijikuna shingoni. "Wawili. Walikuwa na bomba la chuma. Waliponiona wakakimbia. Wengine walikuwa wanatazama tu."

"Umati wa watu wawili," alisema Lamunu. "Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Odur, na nimeona umati. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia wa watu wawili."

Alivaa glavu, akalivuta shuka. Alianza miguuni kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kuanza mbali na mahali panapovuta macho. Miundi yote miwili ilikuwa imepasuka. Magoti yalikuwa yamevimba na kuwa meusi. Mapajani kulikuwa na alama za bomba, moja juu ya nyingine, za mtu aliyepiga akachoka, akapumzika, akaanza tena. Tumbo, mbavu, mabega, mgongo, hakuna palipoachwa. Michubuko iliendelea hadi kwenye ukosi wa shati, na hapo ikakoma.

Uso wa Huzaifa ulikuwa mzima. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Damu ya kinywani muuguzi alikuwa ameipangusa, na chini yake kulikuwa na ngozi laini iliyonyolewa ndevu karibuni na kupakwa mafuta ya mgando.

"Odur. Umeona wezi wangapi wakipigwa Kampala hii?"

"Wengi, afande."

"Huwa wanaanza wapi?"

Odur aligusa paji la uso wake mwenyewe bila kujua kwamba anafanya hivyo. "Kichwani."

"Basi niambie huyu mwizi wako alikuwa kipenzi cha nani mpaka wakamwachia uso. Wamemnyoa, wamempaka mafuta, halafu wamemvunja mbavu. Nani anamfanyia mtu mambo hayo?"

"Labda alikuwa bwana harusi, afande."

"Funga mdomo, andika."

Odur akaandika. Lamunu aliona jinsi hesabu ilivyokaa, na haikumpendeza. Kuna watu walimhitaji Huzaifa kwa ajili ya uso wake, na walipokwisha kuutumia, mtu mwenyewe akawa takataka. Wakamleta Bwaise, wakamtupa mferejini, wakapiga kelele za mwizi ili wakazi wamalizie kazi kwa niaba yao. Bahati mbaya yao, wakazi wa Bwaise asubuhi hiyo walikuwa wanachota maji majumbani mwao kwa ndoo na hawakuwa na nafasi ya kuua mtu.

Simu ililia. Alikuwa Rajab, na nyuma yake maji yalikuwa yakivuma.

"Afande, tumeingia mpaka kiunoni. Tumetafuta chini, tumetafuta juu. Iko matairi, iko mbuzi amekufa. Husnah hakuna."

"Endelea kutafuta. Mimi nakwenda kwa mama yake."

*

Hajati Nabila, mama wa Huzaifa na Husnah, alikuwa uani kwake Kibuli akipepeta mchele. Alipomwona mwanamke asiyemjua amevaa sare ya polisi na amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, aliweka ungo chini polepole.

"Sema tu, mwanangu," alisema.

"Hajati, Huzaifa ametangulia. Pole sana."

Mama yule hakupiga yowe. Alisema innalillahi kwa sauti ya chini, akaketi juu ya ardhi tupu, akaanza kupiga goti lake kwa ngumi, taratibu, bila kuacha. Lamunu aliketi mbele yake. Katika kazi yake yote, hili ndilo lililomchukiza kuliko risasi, kumuuliza mtu maswali kabla hata hajalia.

"Mama, nisamehe. Husnah yuko wapi?"

"Husnah alitoka juzi. Alikwenda kuchukua zawadi yake. Huzaifa akamfuata jana, alisema dada amekawia."

"Zawadi gani?"

"Si amepanda daraja."

Kalamu ya Lamunu ilisimama.

"Daraja gani, mama?"

"Ya apu. Ya kwenye simu. Iko shaba, halafu fedha, halafu dhahabu. Husnah amefika dhahabu. Mimi bado niko fedha." Maneno yalimtoka kwa majivuno yale aliyoyazoea, kisha akasikia alichosema, akaziba mdomo.

Lamunu alihisi hasira ikimpanda, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Askari wote aliokuwa nao walikuwa ndani ya mtaro wa maji machafu wakitafuta chini ya zege. Akampigia Rajab.

"Tokeni majini. Daraja si daraja, ni cheo. Njooni Kibuli, kwa mama yake Husnah, mtanikuta."

"Cheo? Afande, sijafahamu."

"Na mimi ndiyo nafahamu sasa hivi. Washa gari."

Alimgeukia Hajati. "Nieleze hiyo apu tangu mwanzo. Nani aliileta?"

"Huzaifa. Ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yangu, usiku wa doluka, ngoma yetu ya Kinubi, wanawake wote tuko uani tunacheza. Huzaifa akaja na rafiki yake, Khaemba, Mkenya, mtu wa heshima sana. Wakasema kampuni inatoa bonasi ya kukaribisha wageni. Unashika kitambulisho chako mbele ya simu, unageuza uso kushoto, kulia, unapepesa macho, unacheka. Basi. Kila mtu akapewa sukari na sabuni."

"Wote mlifanya?"

"Ngoma nzima."

"Bonasi na madaraja ni mambo ya kasino, mama. Mlijua kama ni kasino?"

Hajati aliinua uso kwa ukali, msiba au si msiba. "Astaghfirullah! Hapa hakuna mtu anacheza kamari. Mimi nimekwenda Makka. Sisi hatukuweka shilingi, hatukubonyeza kitu. Tulitoa uso tu. Uso ni kamari?"

Lamunu alijua kwamba kwa wanawake wa ua ule lilikuwa jambo la wazi kabisa, kucheza ni haramu na kuazima uso ni ukarimu, na Khaemba alikuwa amewasoma vizuri kuliko walivyojisoma wenyewe.

"Na nani aliwaambia mmepanda madaraja?"

"Meneja. Khaemba mwenyewe. Anapiga kila Ijumaa kutusalimia. Hata leo amepiga alfajiri." Sauti ya mama ilianza kupungua. "Amesema leo ninaingia dhahabu. Amesema na mimi nikachukue zawadi leo."

Walitazamana.

"Wapi?"

"Alisema nimpigie nikiwa tayari, atanielekeza."

Lamunu alimwomba jambo ambalo hangemwomba mtu yeyote siku ya kawaida. Hajati Nabila alijifuta uso kwa ncha ya shuka, akaichukua simu yake, akaifungulia sauti. Mwanawe alikuwa amelazwa chini ya shuka la zahanati Bwaise, na binti yake alikuwa mikononi mwa mtu huyu. Ilipopokelewa, alisalimia vizuri kabisa.

"Mamangu!" Sauti ya Khaemba ilikuwa ya furaha. "Umeamkaje? Uko tayari?"

"Niko tayari, mwanangu. Nije wapi?"

"Old Kampala, mama. Chini ya msikiti mkubwa kuna jengo la Wahindi wa zamani, chini yake duka la mabati. Panda hadi ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Njoo peke yako, hii zawadi ni ya watu wa dhahabu tu, wengine wataona wivu."

"Sawa. Na Husnah yuko hapo?"

"Yuko, anapumzika. Atafurahi kukuona. Na mama, usisahau kupaka mafuta usoni. Tutapiga picha kidogo."

Simu ikakatika. Hapo ndipo Hajati Nabila alipolia.

*

Walipanda ngazi Lamunu akiwa mbele, amejitanda shela la Hajati juu ya sare, bastola ndani ya mikunjo. Rajab alikuwa nyuma yake na askari wanne, wote wakinuka mtaro. Chini, dukani, mtu alikuwa anakata mabati kwa msumeno, na mlio ule ulifunika nyayo zao. Lamunu alielewa mara moja kwa nini jengo hili lilichaguliwa. Hapa mtu angepiga mayowe siku nzima na hakuna ambaye angegeuza shingo.

Aligonga mlango wa kijani. Lilifungua jitu la kifua kipana ambalo baadaye lilitambuliwa kwa jina la Ocira, mlinzi wa zamani wa klabu ya usiku aliyefukuzwa kwa kumpofusha mteja. Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya mlango.

"Karibu, ma..." Macho yake yaliteremka hadi kwenye buti.

Hakupoteza muda. Bomba lilitoka nyuma ya mlango likija juu. Rajab alimsukuma Lamunu ukutani na kuinua mkono kujikinga, na mfupa wa mkono ule ukavunjika kwa mlio ambao hata msumeno haukuuficha. Bomba likapanda tena. Lamunu alifyatua akiwa bado ameegemea ukuta, kupitia kwenye shela. Risasi ilimwingia Ocira juu ya goti. Alianguka kizingitini akimburuta Rajab, na huku chini bado alikuwa anapiga, kifua, bega, chochote kilichokuwa karibu, mpaka askari wawili walipomkanyaga shingo na wa tatu akampokonya bomba. Mmoja wao aliendelea kumpiga teke baada ya pingu kufungwa. Lamunu alimwona. Alihesabu mateke mawili ndipo akasema inatosha.

"Rajab?"

"Mkono tu, afande. Nenda. Nenda ndani!"

Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ndefu, na juu ya meza simu nyingi zimepangwa zikichaji, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina. Nabila. Latifah. Habibah. Skrini zilikuwa zinazunguka zenyewe, matunda na nyota za rangi, bila mtu kuzigusa. Lamunu alizipita. Sakafuni kulikuwa na madoa yaliyooshwa vibaya, na ukutani mapipa ya plastiki yamewekwa kuzuia mlango wa pili. Aliyaangusha kwa bega.

Ndani, mwanaume aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Kitini alikuwa amefungwa msichana kwa mkanda wa mizigo. Mwanaume yule alikuwa na beseni la barafu pembeni na kitambaa mkononi, na alikuwa anamkanda msichana uso, polepole, kwa upole wa mama anayemwogesha mtoto mgonjwa.

Uso wenyewe haukuwa uso tena. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Pua ilikuwa imelala upande. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka hadi karibu na pua, na shavu lote la kushoto limevimba na kuwa la zambarau.

"Afande, mimi namtibu!" Khaemba aliinua mikono yote miwili, kitambaa kikidondosha maji. "Wallahi namtibu. Muulize mwenyewe."

Lamunu alimpiga kwa kitako cha bastola sikioni. Alimpiga mara moja tu, kisha akamgeuza kifudifudi juu ya barafu na kumfunga pingu. Askari mmoja alikata mkanda. Husnah hakuanguka. Aliketi pale pale akiwatazama kwa jicho lake moja, akipumua kwa mdomo.

"Uko salama, dada," Lamunu alimwambia. "Gari la wagonjwa linakuja."

Kisha akamkanyaga Khaemba mgongoni kwa buti.

"Ongea. Kwa nini nyuso?"

"Si mimi nataka nyuso, ni kampuni." Khaemba alikuwa analia, lakini kazi yake aliijua na alipenda kuieleza. "Kampuni inatoa bonasi kwa kila mtu mpya. Lakini hiyo bonasi huwezi kuitoa hivi hivi, lazima uizungushe, ucheze mara arobaini ndipo ifunguke. Mtu wa kawaida anaishiwa kabla ya kufika. Mimi nina akaunti mia, nazizungusha na mashine. Chache zinapona. Zikipona zinapanda daraja."

"Na zikifika dhahabu?"

"Wanazifunga. Wanasema tunathibitisha mteja wa heshima. Wanataka mwenyewe, hai, mbele ya kamera. Geuka kushoto. Geuka kulia. Pepesa. Tabasamu. Picha haikubali, maiti haikubali. Sasa mimi ningefanya aje?"

"Ungewaomba. Wangekuja kwa sukari nyingine."

"Huzaifa alikuja. Aliona akaunti yake ina nini, akakataa. Akataka yote. Akataka dada yake pia apewe yake. Ocira akamshughulikia mpaka akatabasamu."

"Alipotabasamu mkamuua."

"Hapana! Akaunti yake ilifunguka, tulikuwa tumemalizana. Ni baadaye ndiyo alituharibia kazi. Ocira akakasirika, akamtoa nje, mimi sikuwepo."

"Mferejini mlionekana wawili. Na huyu? Nani alimvunja uso?"

"Si sisi." Khaemba aligeuza shingo kwa shida ili amtazame, na kwa mara ya kwanza alikuwa na uchungu wa kweli. "Afande, fikiria. Tungemgusaje usoni? Tangu jana namwekea barafu. Simu inamkataa. Imemkataa mara tisa."

Lamunu hakumwamini. Aliamuru atolewe, na askari walimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga kila kizingiti hadi nje.

Utaratibu unamtaka mpelelezi apate maelezo ya kwanza ya majeruhi kabla hajachomwa sindano ya usingizi, kwa sababu mawakili hupenda kusema kwamba dawa ndizo zilizoongea. Lamunu alivuta ndoo, akaketi mbele ya Husnah, akafungua daftari. Alijiona mnyama kwa kufanya hivyo, lakini alitaka Ocira anyongwe, au angalau aozee gereza la Luzira.

"Husnah. Sema kidogo kidogo. Nani alikupiga uso? Ni yule mwenye bomba?"

Husnah alitikisa kichwa.

"Khaemba?"

Akatikisa tena. Midomo yake ilihangaika kupata umbo la maneno.

"Huzaifa," alisema.

Lamunu alidhani anaulizia habari za kaka yake. "Huzaifa nitakueleza. Kwanza niambie nani alikupiga."

"Huzaifa." Alimeza mate na damu. "Walituacha wawili humu. Walikwenda kuleta simu yangu. Akaniambia, uso wako ukikubali, watakuua, nimewasikia wakisema mtu asiyehitajika asirudi nyumbani. Akaniambia, Husnah, nimekuuza, sasa nisamehe. Akafungua mikono yake na meno. Akaanza kunipiga."

Askari mmoja mlangoni alivua kofia.

"Alikuwa analia," Husnah aliendelea. "Nilimwambia, usiogope, piga. Vidole vyake vilikuwa bado vizima. Alipiga pua, alipiga jicho. Walipoingia, alikuwa bado anapiga. Wewe andika hivyo. Andika alinipiga na nguvu zake zote."

Lamunu aliandika. Aliandika neno kwa neno.

"Wakamchukua," alisema Husnah. "Khaemba aliniambia Huzaifa amemaliza, wamemrudisha steji." Aliinua mkono uliokuwa na michirizi ya mkanda, akamshika Lamunu ukingo wa shela. "Dada, mnipeleke kwake kwanza, kabla ya hospitali. Hajui kama ilifanya kazi."

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa limefika na dereva alikuwa anapiga honi watu wa mabati wapishe njia. Lamunu alifunga daftari, akaliweka sakafuni, akashika mikono yote miwili ya Husnah na kumwambia kwamba Huzaifa ametangulia.